Mafuta ya mimea katika injini za dizeli mkoani Katavi

Mafuta ya mimea katika injini za dizeli ni matumizi ya mafuta yaliyokamuliwa kutoka mbegu au matunda, kama vile alizeti, karanga, mawese na mbono, kuendeshea injini iliyotengenezwa kwa ajili ya dizeli. Mafuta hayo yanaweza kutumiwa jinsi yalivyo baada ya kusafishwa na kupashwa moto, yanaweza kuchanganywa na dizeli, au yanaweza kubadilishwa kikemikali kuwa biodizeli.

Nchini Tanzania jambo hili lina historia ya pekee katika eneo la Mpanda, ambalo tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi na kabla ya hapo lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa. Katika miaka ya 2000 maelfu ya wakulima wa huko walipanda mbono kwa mkataba ili mbegu zake zikamuliwe mafuta ya injini. Mpanda iko magharibi kabisa mwa nchi, mbali na bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara ambako dizeli hupokelewa. Kwa sababu hiyo bei kikomo zinazotangazwa kila mwezi na EWURA huwa juu zaidi Mpanda kuliko Dar es Salaam.

Kwa ufupi, injini ya dizeli ya zamani iliyo nzima inaweza kutumia mafuta ya mimea, lakini injini iliyochoka huharibiwa nayo upesi. Hata pale injini inapokubali, bei ya mafuta yenyewe na kazi ya kuyapata ndivyo vinavyoamua kama kuna faida.

## Historia

Injini ya dizeli imepewa jina la Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani aliyepata hataza yake mwaka 1893 na kufanikiwa kutengeneza injini iliyofanya kazi vizuri mjini Augsburg mwaka 1897. Katika maonyesho ya dunia ya Paris mwaka 1900, injini ndogo ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Diesel mwenyewe alieleza mwaka 1912 kwamba jaribio hilo lilitokana na wazo la serikali ya Ufaransa, iliyotaka makoloni yake ya Afrika, ambako karanga zililimwa kwa wingi, yaweze kujipatia nguvu za mashine bila kuagiza makaa ya mawe wala mafuta kutoka nje. Injini ile haikuwa imetengenezwa kwa ajili ya mafuta ya karanga, lakini ilifanya kazi bila kubadilishwa.

Baadaye mafuta ya petroli yalipatikana kwa wingi na kwa bei nafuu, na watengenezaji wakaziunda pampu na nozeli za injini kwa kufuata wepesi wa dizeli. Wazo la mafuta ya mimea halikufa. Mwaka 1937 mtaalamu Mbelgiji G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipewa hataza ya kubadilisha mafuta ya mawese yawe mepesi kwa kuyachanganya na alkoholi. Mawese hayo yalitoka Kongo ya Wabelgiji, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1938 basi la abiria kati ya Brussels na Louvain lilijaribiwa kwa mafuta ya aina hiyo, ambayo leo yangeitwa biodizeli.

Bei ya petroli ilipopanda ghafla mwaka 1973, utafiti ulianza tena katika nchi nyingi. Nchini Ujerumani mhandisi Ludwig Elsbett alibuni injini iliyokusudiwa kutumia mafuta ya mimea moja kwa moja, na baadaye mafundi wakatengeneza vifaa vya kubadilisha magari ya kawaida.

## Tofauti na dizeli

Mafuta ya mimea na dizeli huwaka kwa namna inayofanana, ila yanatofautiana katika mambo manne yanayoigusa injini.

* Mnato. Kwenye joto la nyuzi 40 za Selsiasi mafuta mengi ya mimea ni mazito takriban mara 10 kuliko dizeli. Mafuta mazito hupita kwa shida kwenye filta, huilemea pampu, na yanapotoka kwenye nozeli hayapulizwi kuwa ukungu mwembamba bali hutoka kwa matone makubwa. Yakipashwa moto hadi nyuzi 70 au 80 mnato hupungua sana.
* Kushika moto. Dizeli hutoa mvuke unaoweza kuwaka kuanzia nyuzi 55 hadi 70 hivi, ilhali mafuta ya mimea huhitaji zaidi ya nyuzi 200. Kwa sababu hiyo ni salama zaidi kuyahifadhi, lakini ni vigumu kuwashia injini iliyopoa.
* Kuganda kwa baridi. Mawese huanza kuganda hata kwenye joto la kawaida la chumba. Mpanda ipo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai huwa wa baridi. Mafuta ya mawese yaliyokuwa majimaji mchana huweza kuwa uji asubuhi. Alizeti na mbono hazina shida hiyo kwa baridi ya Katavi.
* Kuwa utomvu. Mafuta yanapokutana na hewa na joto kwa muda mrefu hubadilika kuwa kitu kinachonata, kama rangi ya mafuta inavyokauka ukutani. Alizeti hubadilika upesi zaidi, karanga na mbono ni za wastani, na mawese hubadilika polepole.

Nguvu inayopatikana katika lita moja ya mafuta ya mimea ni pungufu kidogo kuliko ya dizeli, kwa chini ya asilimia 10. Dereva anaweza kuihisi tofauti hiyo anapopanda mlima na mzigo.

## Sababu za kutumia injini za zamani

Magari yanayofaa zaidi ni yale yenye pampu ya dizeli inayoendeshwa na injini kwa gia au mkanda, bila kompyuta. Katika mengi ya magari hayo mafuta hupulizwa kwanza kwenye chumba kidogo cha awali kilichoko kwenye silinda hedi. Kuta za chumba hicho huwa na joto kali, na moto huanzia humo kabla ya kuenea kwenye silinda. Joto hilo husaidia matone makubwa kuwaka.

Barabarani Tanzania injini ya namna hiyo inayojulikana zaidi ni 1HZ ya Toyota Land Cruiser, yenye silinda 6 na ujazo wa lita 4.2, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1990. Magari yenye injini hiyo hutumiwa na hospitali, halmashauri, mashirika na hifadhi za wanyama, ikiwemo Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Injini za Toyota Hilux za aina ya 2L, 3L na 5L ni za kundi hilohilo.

Pampu nazo hutofautiana. Pampu ya mstari, ambayo ina kipande chake cha kusukuma mafuta kwa kila silinda na hulainishwa na oili ya injini, huvumilia mafuta mazito kuliko pampu ya mzunguko, ambayo hulainishwa na mafuta yanayopita ndani yake. Injini ya 1HZ ina pampu ya mzunguko, kwa hiyo haipaswi kusukumishwa mafuta baridi ya mimea. Mhimili wa pampu hiyo unaweza kuvunjika.

Magari mapya ya dizeli hayafai. Mfumo wao husukuma mafuta kwa shinikizo kubwa mno kupitia nozeli zenye matundu madogo sana zinazoongozwa na kompyuta, na baadhi yana chujio la masizi kwenye ekzosi. Kutengeneza mfumo huo ukiharibika kunaweza kugharimu zaidi ya akiba yote ya mafuta.

## Kuikagua na kuihudumia injini kwanza

Mafuta ya mimea hayatibu injini mbovu. Kasoro ambayo dizeli inaivumilia kwa mwaka mzima inaweza kuiua injini kwa wiki chache za mafuta mazito. Kwa hiyo sevisi kamili hufanywa kabla ya kubadili mafuta.

### Moshi na mgandamizo

Fundi huanza kwa kuangalia moshi. Moshi mweusi unaonyesha mafuta mengi kuliko hewa, mara nyingi kwa sababu ea klina imeziba au nozeli zinadondosha badala ya kupuliza. Moshi mweupe asubuhi unaonyesha mafuta yasiyoungua, kwa sababu ya hita plagi mbovu, mgandamizo mdogo au taiming iliyosogea. Moshi wa bluu unaonyesha oili inaungua ndani ya silinda.

Kisha kifuniko cha oili hufunguliwa injini ikiwa inanguruma. Hewa ikitoka kwa nguvu kama pumzi ya mtu anayekimbia, ringi za pistoni zimelika na gesi inapita kwenda chini. Kipimo cha mgandamizo kwa kila silinda ndicho kinachotoa jibu la uhakika. Injini iliyopungukiwa mgandamizo haipaswi kupewa mafuta ya mimea kabla ya kufanyiwa ovaholi.

### Hewa, dizeli na oili

Vumbi la barabara za changarawe za Katavi huijaza ea klina upesi wakati wa kiangazi. Filta ya karatasi hupulizwa kutoka ndani kwenda nje na hubadilishwa ikitoboka. Mpira unaotoka ea klina kwenda injini hukaguliwa, kwa kuwa ufa mdogo hupitisha vumbi linalosaga silinda.

Tenki hushushwa na kuoshwa. Mafuta ya mimea huweza kulegeza uchafu uliogandamana kwa miaka na kuupeleka kwenye filta, kwa hiyo ni kawaida filta ya kwanza kuziba mapema. Maji hutolewa kwenye kikombe kilicho chini ya filta, hasa wakati wa masika au baada ya kununua dizeli ya madumu. Baada ya kubadilisha filta, hewa hutolewa kwa kupampu kwa mkono hadi mafuta yatoke bila mapovu.

Nozeli hupelekwa kwa fundi mwenye mashine ya kuzipima, aone zinafunguka kwa shinikizo sahihi na kupuliza ukungu ulio sawa. Hita plagi hupimwa moja moja. Tapeti hurekebishwa kwa vipimo vya kitabu cha gari. Kwa injini ya 1HZ mkanda wa taiming hubadilishwa kwa wakati, kwa kawaida kila kilomita 100,000. Ukikatika, pistoni zinaweza kugonga valvu.

Oili ya injini, ambayo katika mazingira ya vumbi hubadilishwa kila kilomita 5,000, hubadilishwa katika nusu ya umbali huo gari linapotumia mafuta ya mimea. Sababu yake imeelezwa katika sehemu ya madhara hapa chini.

## Kuandaa mafuta

Mafuta yanayotoka mashineni huwa na makapi, maji na utomvu wa asili wenye fosforasi. Vyote vitatu ni adui wa pampu na nozeli.

1. Mafuta huachwa yatuame kwa siku kadhaa kwenye pipa lililosimama, kisha huchotwa kutoka juu bila kutikisa machicha yaliyo chini.
2. Maji hupimwa kwa kuweka kijiko cha mafuta kwenye kikaango chenye moto. Yakitatarika, bado yana maji. Huondolewa kwa kupasha mafuta taratibu na kuyaacha yatuame tena.
3. Utomvu hupunguzwa kwa kukoroga mafuta ya moto na maji ya moto kidogo. Utomvu hushika maji na kuzama pamoja nayo. Mafuta hukaushwa tena baada ya hapo.
4. Mwisho mafuta huchujwa kwa filta yenye matundu yasiyozidi mikromita 5. Kitambaa cha kuchujia chai hakitoshi.

Mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi au samaki yanaweza kutumika, ila huwa na chumvi, maji, mabaki ya chakula na asidi nyingi zaidi. Kadiri yalivyotumika mara nyingi ndivyo yalivyo mabaya. Katika mji wa ukubwa wa Mpanda wauza chipsi huyatumia mafuta hadi yanakaribia kuisha, kwa hiyo yanayobaki ni machache.

Mapipa ya bati lililopakwa zinki na mabomba ya shaba hayafai kwa kuhifadhia au kupitishia mafuta ya mimea, kwa sababu metali hizo huyaharakisha kugeuka utomvu. Vyombo vya chuma cha pua au plastiki ngumu hufaa zaidi, vikijazwa hadi juu na kuwekwa kivulini.

Nchini Ujerumani kilitolewa kiwango rasmi, DIN 51605, kinachoweka mipaka ya maji, uchafu, asidi na fosforasi katika mafuta ya rapa ya injini. Kuwepo kwa kiwango hicho kunaonyesha kwamba chanzo cha matatizo mengi si injini bali usafi wa mafuta.

## Mfumo wa matenki mawili

Njia salama zaidi ya kutumia mafuta ambayo hayajabadilishwa kikemikali ni kuweka tenki la pili. Tenki la kwanza hubaki na dizeli, la pili huwekwa mafuta ya mimea. Maji ya moto ya rejeta hupitishwa kwa bomba hadi kwenye tenki la pili, kwenye filta yake na kwenye kifaa cha kubadilishana joto kilicho karibu na pampu.

Injini huwashwa kwa dizeli. Mafuta yakishafika nyuzi 70 au zaidi, dereva hugeuza valvu na kuhamia mafuta ya mimea. Kilomita chache kabla ya kufika, huirudisha kwenye dizeli ili pampu na nozeli zisafishwe kabla ya injini kuzimwa. Akisahau, injini hulala ikiwa na mafuta mazito na asubuhi hukataa kuwaka.

Utaratibu huu unafaa safari ndefu. Gari linalotoka Mpanda kwenda Tabora, takriban kilomita 350, linaweza kutumia mafuta ya mimea sehemu kubwa ya njia. Gari linalozunguka sokoni, shuleni na hospitali ndani ya mji hupoa na kuwashwa mara kwa mara, na kwa hilo dizeli ya kawaida ndiyo inayofaa.

Baadhi ya watu huchanganya mafuta ya mimea na dizeli katika tenki moja. Mchanganyiko wenye sehemu ndogo ya mafuta ya mimea hupita vizuri zaidi kwenye filta kuliko mafuta matupu, lakini hatari ya utomvu hubaki. Kuongeza mafuta ya taa ili kupunguza mnato hupunguza pia ulainishaji wa pampu. Aidha, kuuza mchanganyiko wa aina hiyo kama dizeli ni uchakachuaji, na ni kosa kisheria.

## Madhara kwa injini

Madhara ya mafuta ya mimea hayaonekani siku ya kwanza. Injini huwaka, hunguruma kwa utulivu, na moshi wake hunukia kama jikoni. Hapo ndipo wengi hudanganyika.

Matone yasiyoungua huacha masizi magumu kwenye ncha za nozeli. Nozeli yenye masizi hupuliza vibaya zaidi, na masizi huongezeka. Masizi hushika pia kwenye mifereji ya pistoni na kuzifanya ringi zikwame. Ringi zikikwama, mafuta hupita na kushuka kwenye sampo.

Dizeli inayoshuka kwenye sampo sehemu yake huvukizwa na joto la injini. Mafuta ya mimea hayavukizwi. Hukusanyika, na siku moja huigeuza oili kuwa kitu kama jeli. Oili ya namna hiyo haipiti kwenye njia nyembamba za kulainisha krenki, na injini hukamata.

Dalili ya hatari ni kipimo cha oili kuonyesha ujazo unaopanda badala ya kushuka, au oili kuvutika kama asali kati ya vidole. Dalili hiyo ikionekana gari husimamishwa, oili hubadilishwa mara moja na chanzo hutafutwa. Kubadilisha oili mapema hugharimu kidogo sana kuliko kununua injini.

## Biodizeli

Biodizeli hupatikana kwa kuchanganya mafuta ya mimea na methanoli pamoja na kichocheo, kwa kawaida sodiamu haidroksidi, yaani kostiki soda itumikayo kutengeneza sabuni. Molekuli kubwa ya mafuta huvunjika na kutoa gliserini, ambayo huzama chini, na esta nyepesi, ambazo ndizo biodizeli. Kwa lita 100 za mafuta huhitajika takriban lita 20 za methanoli, na hupatikana karibu lita 100 za biodizeli.

Biodizeli iliyotengenezwa vizuri haihitaji tenki la pili kwenye injini ya zamani, ingawa huilainisha na kuiharibu mipira ya asili, hivyo mabomba ya mpira hubadilishwa. Kikwazo chake ni methanoli. Kemikali hiyo huwaka kwa moto usioonekana vizuri mchana, na kuinywa hata kidogo husababisha upofu au kifo. Si kazi ya kufanyia uani penye watoto. Zaidi ya hayo methanoli huagizwa kutoka nje, jambo linalopunguza maana ya kujitegemea kwa mafuta ya shambani.

## Mbono mkoani Katavi

Mbono, unaoitwa pia mbono kaburi (*Jatropha curcas*), ni mti mdogo wenye asili ya Amerika ya Kati. Katika Afrika ya Mashariki umepandwa tangu zamani kuwa ua wa boma na alama ya makaburi, kwa kuwa mifugo hailigusi jani lake. Mbegu zina mafuta karibu theluthi moja ya uzito wake. Mafuta hayo ni sumu na hayaliwi, lakini yamekuwa yakitumika kwa sabuni na taa.

Bei ya mafuta ya petroli ilipopanda katika miaka ya 2000, mbono ulisifiwa duniani kote kuwa mti unaoota kwenye ardhi duni bila kushindana na chakula. Tarehe 30 Desemba 2008 ndege ya Boeing 747 ya Air New Zealand ilirushwa kwa majaribio, injini yake moja ikitumia mchanganyiko wenye nusu ya mafuta ya mbono, na Tanzania ilikuwa mojawapo ya nchi zilizotoa mbegu. Serikali ya Tanzania iliunda kikosi kazi cha nishati itokanayo na mimea mwaka 2006 na kutoa miongozo mwaka 2010.

Makampuni yalitumia njia mbili. Ya kwanza ilikuwa shamba kubwa kwenye ardhi iliyochukuliwa kutoka vijijini, kama ya Sun Biofuels huko Kisarawe na BioShape huko Kilwa. Miradi hiyo miwili ilisimama kufikia mwaka 2011, na swali la ardhi ya vijiji likabaki. Njia ya pili ilikuwa kilimo cha mkataba, na Mpanda ndiyo mfano wake mkubwa. Huko kampuni ya Kijerumani ya PROKON iliingia mkataba na wakulima wadogo, ambao walipanda mbono kwenye mashamba yao wenyewe, pembezoni au pamoja na mazao mengine, na kampuni ikanunua mbegu.

Kwa mkulima wa Mpanda tofauti hii ilikuwa kubwa. Ardhi ilibaki mikononi mwake, na mradi ulipopoa aliweza kung'oa mibono na kurudisha mahindi, karanga au tumbaku. Alichopoteza ni nguvu na muda, kwa kuwa mbono huchukua miaka kadhaa kufikia mavuno kamili. Mavuno nayo yalikuwa madogo kuliko yalivyotarajiwa. Utafiti uliochapishwa nchini Kenya mwaka 2009 ulifikia hitimisho hilohilo, ukashauri mkulima mdogo aupande mbono kama ua tu. Nchini Ujerumani kampuni ya PROKON, ambayo biashara yake kubwa ilikuwa umeme wa upepo, iliomba kufilisiwa Januari 2014.

Matumizi madogo ya kijijini yalionyesha njia nyingine. Katika kijiji cha Engaruka, wilayani Monduli, shirika la TaTEDO lilisaidia kuweka injini iliyoendeshwa kwa mafuta ya mbono, ikisaga nafaka na kutoa umeme. Injini ya kusimama mahali pamoja, inayozunguka kwa mwendo ule ule kwa saa nyingi, hupata joto la kutosha na huvumilia mafuta ya mimea kuliko gari.

## Hesabu ya gharama

Hesabu rahisi inaonyesha ugumu uliopo. Gari linalotumia lita 12 kwa kilomita 100 linahitaji lita 42 kutoka Mpanda hadi Tabora. Kwa mashine ndogo za kukamua, lita moja ya mafuta ya mbono huhitaji kilo 4 hadi 5 za mbegu. Safari hiyo moja, bila kurudi, inahitaji basi kilo 168 hadi 210. Mtu mmoja kwa kawaida huchuma na kukoboa kilo 2 au 3 za mbegu kwa saa. Akifanya kazi kwa kasi ya kilo 3 kwa saa, kwa saa 8 kila siku, atahitaji siku 7 hadi 9 ili gari lifike Tabora.

Mkulima akilipwa bei nzuri kwa kilo, mafuta huwa ghali kuliko dizeli. Mafuta yakiwa nafuu kuliko dizeli, mkulima hulipwa kidogo mno kwa siku yake ya kazi. Bei ya petroli duniani nayo haitabiriki. Mwezi Julai 2008 pipa lilifikia takriban dola 147, na kufikia Desemba mwaka huohuo lilikuwa limeshuka chini ya dola 40.

Mafuta ya kula yana hesabu ngumu zaidi. Tanzania huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya mafuta yake ya kupikia, na kwa kawaida lita ya mafuta ya alizeti sokoni huuzwa kwa bei ya juu kuliko lita ya dizeli. Mwenye alizeti hupata zaidi akiyauza mafuta yake na kununua dizeli. Mashudu ya alizeti pia ni chakula cha mifugo, ilhali mashudu ya mbono ni sumu, ingawa hufaa kwa mbolea.

Kwa hiyo mafuta ya mimea huwa na maana katika hali chache: pale dizeli haifiki, kwa mfano barabara inapokatika wakati wa masika, pale mafuta yaliyoharibika au yaliyotumika yanapatikana karibu bure, na pale kijiji kinapokamua mbegu za ua wake kwa injini yake chenyewe. Nje ya hali hizo, sevisi nzuri ndiyo akiba ya uhakika zaidi. Ea klina safi, nozeli zilizopimwa, matairi yaliyojazwa upepo sawasawa na oili iliyobadilishwa kwa wakati hupunguza matumizi ya dizeli katika gari lolote la zamani, bila tenki la pili na bila kugusa chakula cha mtu.

## Tazama pia

* Injini ya dizeli
* Biodizeli
* Mbono kaburi
* Mkoa wa Katavi
* Mpanda